Gazeti Lililopita Unyanyembe

Magazeti ya kusisimua, yale yanayoishi kwa damu, kashfa na herufi kubwa za ukurasa wa mbele, huhesabiwa kuwa mali ya miji mikubwa ya ng'ambo. Ukiuliza historia yake utatajiwa London: News of the World, lililoanza 1843 na kufungwa Julai 2011 baada ya kashfa ya kudukua simu za watu, Daily Mail la 1896, Daily Mirror la 1903, na baadaye The Sun. Tabora haitatajwa. Mimi nadai kwamba inastahili kutajwa, tena mapema kabisa. Mwaka 1871 na 1872, kutoka tembe moja la udongo huko Kwihara, karibu na Tabora mjini, gazeti la New York Herald lilionyesha kwa ukamilifu namna mpya ya kupata habari. Halikusubiri jambo litokee ndipo liliandike. Lilitoa fedha ili jambo litokee, likamfanya mwandishi wake kuwa shujaa wa jambo hilo, kisha likawauzia wasomaji kisa kizima. Magazeti ya Uingereza yaliiona faida hiyo na muda si mrefu yakaingia ubia. Kwa hiyo njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni sehemu ya historia ya uandishi wa habari duniani, na watu wa njia ile, wapagazi, watemi, wafanyabiashara na watoto waliouzwa, waliugharimia uandishi huo bila kuulizwa. Nitajaribu kuonyesha pia kwamba tatizo la uandishi huo halikuwa uongo peke yake. Hata uliposema kweli, uliyapanga maisha ya watu wa huku kulingana na hamu ya msomaji wa kule, na matokeo ya mpango huo hayakuishia kwenye karatasi.

Tuanze na biashara yenyewe. Herald lilianzishwa New York mwaka 1835 na James Gordon Bennett, likauzwa kwa senti moja wakati ambapo magazeti ya wakubwa yalikuwa ghali. Gazeti la senti moja haliwezi kuishi kwa wasomaji elfu mbili wenye heshima zao. Linahitaji umati, na umati haurudi kesho bila kisa ambacho hakijaisha. Mwaka 1836 Bennett alikipata kisa hicho katika mauaji ya Helen Jewett, mwanamke kahaba wa New York. Alikwenda mwenyewe nyumbani alikouawa, akaeleza alichokiona, akaendeleza habari hiyo siku baada ya siku. Uingereza ilichelewa kidogo kwa sababu ya kodi ya stempu iliyopandisha bei ya kila nakala. Kodi hiyo ilipofutwa mwaka 1855, Daily Telegraph likazaliwa mwaka uleule, na muda mfupi baadaye likauzwa kwa peni moja na kuvuta maelfu ya wasomaji wa tabaka la kati na la chini. Gazeti hilo leo lina sifa ya utulivu, lakini katika ujana wake lilishutumiwa na wazee wa taaluma kwa kupenda mno kesi za mauaji na maneno ya mbwembwe. Haya ndiyo magazeti mawili yatakayokutana nasi Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi ulioizunguka Tabora. Mwana wa Bennett, mwenye jina lilelile, alipolirithi Herald alijua kwamba mauaji ya mtaani hayatoshi tena, kwa kuwa kila mshindani anayo. Mwishoni mwa mwaka 1869, jijini Paris, alimwagiza mwandishi wake Henry Morton Stanley akamtafute David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti ambaye Ulaya ilikuwa haijui kama yu hai au amekufa. Alimwagiza pia apitie kwanza kwenye ufunguzi wa Mfereji wa Suez na nchi kadhaa za Mashariki. Habari ilikuwa imeagizwa kabla haijakuwapo.

Mahali ilikoagizwa hapakuwa jangwa la kimya. Unyanyembe ilikuwa njia panda. Kutoka pwani ya Bagamoyo misafara ilipanda kupitia Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, ambayo wageni wengi waliiita Kaze. Kutoka hapo njia moja ilielekea Ujiji na Manyema, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine kusini kupitia Ukonongo. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walikuta makazi ya Waarabu yenye nyumba pana, bustani na akiba ya vyakula, na wakapokewa kwa ukarimu na mfanyabiashara Snay bin Amir. Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani kwa miguu yao kabla ya Mwarabu yeyote kujenga Tabora. Upagazi kwao ulikuwa kazi ya heshima ya msimu wa kiangazi, yenye masharti yake: mzigo wa kama frasila mbili, posho ya njiani, kirangozi mbele na manyoya yake kichwani, na haki ya kugoma pale ahadi inapovunjwa. Kwenye kila mtemi palilipwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Fedha ya njia ilikuwa ushanga, waya na nguo, na nguo iliyotamaniwa kuliko zote ilikuwa merikani, pamba iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem. Marekani, basi, ilikuwa imeshafika Tabora mabegani mwa wapagazi muda mrefu kabla Herald halijamtuma mtu. Na habari zilipita njia hiyohiyo. Msafara ulipoingia, watu waliulizana nani amekufa, nani ametawazwa, pembe zinanunuliwaje Unguja, njia ipi imefungwa. Kituo cha biashara hakiwezi kuishi bila habari za kuaminika, maana mfanyabiashara aliyedanganywa juu ya vita vya mbele hupoteza mali na roho za watu wake.

Wala hapakuwa mahali pasipo na siasa. Mtemi Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywa Sere alirithi kiti kwa kuungwa mkono na Waarabu, kisha akawageuka na kuwatoza ushuru wa bidhaa. Wao wakamwondoa kwa nguvu kama mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sere alipigana porini kwa miaka mitano hadi alipouawa mwaka 1865. Somo la vita hivyo halikupotea: aliyeitawala njia ndiye aliyeitawala nchi, na kiti cha utemi kilikuwa kimeanza kuchaguliwa na wenye bunduki na baruti. Kutoka upande wa magharibi akainuka Mirambo, mtemi wa Uyowa aliyejenga dola yake ya Urambo kwa jeshi la rugaruga, vijana wa vita waliokusanywa kutoka makabila mbalimbali. Mirambo hakuwa mtu wa kupora tu. Alitaka njia ya Ujiji ipite kwake na hongo ilipwe kwake, na aliona kwamba Waarabu wa Tabora pamoja na Mkasiwa wanamzibia. Katikati ya mwaka 1871 aliufunga mlango. Misafara ya Ujiji ilisimama Tabora, pembe hazikushuka, nguo hazikupanda. Hili lilikuwa tukio kubwa la uchumi na utawala katika Afrika ya Kati, na lingekuwa hivyo hata kama hakuna Mzungu hata mmoja aliyelisikia.

Stanley aliingia Unyanyembe tarehe 23 Juni 1871. Alikuwa ametoka pwani na watu karibu 200 waliogawanywa katika misafara mitano, wakiwa na mizigo ya karibu tani sita, kwa gharama ya gazeti. Gavana wa Waarabu, Said bin Salim, alimkaribisha akapewa tembe Kwihara. Wenyeji wake walipomweleza kwamba wanajiandaa kumpiga Mirambo, mwandishi huyu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika, aliamua kwenda vitani pamoja nao, akiwachukua watu wake na bendera ya Marekani. Alitumaini kwamba njia ingefunguka baada ya siku chache. Mwezi Agosti jeshi la Waarabu na washirika wao lilielekea Wilyankulu. Kijana Saud bin Said aliteka kijiji, akapakia nyara, na wakati wa kurudi Mirambo alimvizia msituni na kumuua pamoja na wengi wa wafuasi wake, wakiwamo baadhi ya watu wa Stanley. Walionusurika walikimbia ovyo hadi Tabora. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu walioheshimika sana, alitoka kumkabili na watu wachache akauawa, na sehemu ya mji ikateketea. Kule Kwihara Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe, akarundika chakula na maji ndani, akapandisha bendera juu ya paa na kungoja shambulio ambalo halikuja. Tarehe 20 Septemba aliondoka kwa njia ya kusini, akazunguka Ukonongo na Uvinza, na majuma machache baadaye akamkuta Livingstone Ujiji.

Tazama sasa jinsi mambo hayo yalivyofika kwa msomaji wa New York. Katika kisa cha Herald, vita vya Unyanyembe ni kizuizi. Vinakuja katikati ya safari ili kumchelewesha shujaa na kumpa nafasi ya kuonyesha ushupavu. Shujaa akishapata njia nyingine, vita vinaondoka jukwaani. Kilichompata Mkasiwa baadaye, wakulima waliopoteza mavuno, wajane wa Tabora, wapagazi waliokaa bila kazi kwa sababu njia imefungwa, hayo hayamo, maana hayamsogezi Stanley hatua moja kuelekea Ujiji. Hata ushiriki wake vitani haukuonekana kuwa kosa la kitaaluma. Ulikuwa sehemu ya burudani. Gazeti lililompeleka mtu kutafuta lilikuwa limempeleka kwa silaha na fedha za kutosha kuwa upande mmoja wa mgogoro wa watu wengine, na taarifa pekee ambazo dunia ya magazeti ilipata kuhusu mgogoro huo zilitoka kwa mtu wa upande huo. Umbali nao ulisaidia. Waya wa simu ya maandishi haukufika Unguja hadi mwaka 1879, hivyo barua kutoka Kwihara ilishushwa pwani na matarishi, ikangoja meli, ikavuka bahari. Aliyeandikwa vibaya katika gazeti hakuwa na njia ya kujua, seuze ya kujibu. Herald lilipotangaza mapema Julai 1872 kwamba Livingstone amepatikana, kisa kilikuwa kimeshakamilika, na nafasi ya kila mtu ndani yake imeshapangwa.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwa kusema kwamba mambo hayo yalitokea kweli. Livingstone alikuwapo, Mirambo alikuwapo, Tabora iliungua kweli. Wapo waliodhani mwaka 1872 kwamba barua zilizoletwa na Stanley ni za kughushi, na familia ya Livingstone ikathibitisha kwamba ni zake. Nakubali. Sidai kwamba Stanley alizua safari. Lakini ukweli wa tukio na ukweli wa maelezo yake ni mambo mawili, na ushahidi bora unatoka kwake mwenyewe. Mirambo wa mwaka 1871 katika maandishi ya Stanley ni jambazi anayetisha biashara halali. Aprili 1876, katika safari yake ya pili, Stanley alikutana na Mirambo huyohuyo, wakachanjiana udugu wa damu, na maelezo yakageuka: sasa ni muungwana mtulivu, mwenye sauti ya upole, mkarimu, mtu wa kufananishwa na Napoleon. Kati ya miaka hiyo miwili Mirambo hakubadili kazi yake, aliendelea kupanua Urambo kwa vita. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mwandishi. Kuhusu ile salamu maarufu ya Ujiji, "Dr. Livingstone, I presume?", ambayo dunia nzima inaijua, ukurasa wa shajara ya Stanley wa siku hiyo ulichanwa, na mwandishi wa wasifu wake, Tim Jeal, amehoji kwa uzito kwamba huenda maneno yale yalitungwa baadaye. Hata tarehe ya kukutana, ambayo Stanley aliitaja kuwa 10 Novemba 1871, haikubaliani na hesabu zinazotokana na shajara za wawili hao. Kisa kilikuwa na uzito kuliko kumbukumbu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lazima lijibiwe kwa heshima. Livingstone alikuwa ameshuhudia mauaji ya Nyangwe, Manyema, tarehe 15 Julai 1871, ambapo wafanyabiashara wa kutoka pwani waliwafyatulia risasi mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika aliyoyaona juu ya kurasa za gazeti la London, The Standard la 24 Novemba 1869, akipitisha mistari yake kukatiza mistari iliyopigwa chapa, kwa wino alioutengeneza kutokana na mimea ya hapo. Wino huo ulififia kiasi kwamba maandishi yalikuja kusomeka vizuri katika karne hii tu, kwa kupiga picha za mwanga wa aina mbalimbali. Habari hizo zilipita Tabora mikononi mwa Stanley, zikachapishwa mwaka 1872 pamoja na barua za Livingstone kwa Bennett, na hasira zilizoamka Uingereza zilisaidia kumpeleka mjumbe Sir Bartle Frere Unguja na hatimaye kumlazimisha Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa. Je, gazeti la kusisimua halikufanya wema? Lilifanya, na si haki kulinyima. Lakini tuupime wema huo wote. Mkataba ulizuia usafirishaji wa baharini. Watu waliendelea kutembezwa kwa minyororo katika njia za bara, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Wakati huohuo picha iliyobaki katika vichwa vya wasomaji, ya nchi isiyo na utawala, iliyojaa majambazi na wahanga, ilikuwa tayari kwa matumizi mengine. Watawala wa kikoloni waliikuta imeshakubalika. Januari 1893, mtemi Isike wa Unyanyembe alipolipua baruti katika boma lake badala ya kushikwa na Wajerumani, Ulaya ilikuwa imekwishafundishwa kwa miaka 20 kuona vita vya aina hiyo kama fujo, si kama mtu anayetetea kiti chake.

Gharama ya habari ilikuwa pia na majina. Kule Kwihara mfanyabiashara mmoja alimzawadia Stanley mtoto wa kiume aliyeitwa Ndugu Mhali. Wale waliokuwapo wakashauriana juu ya jina jipya, na akaitwa Kalulu. Mwaka 1872 mtoto huyo alifikishwa London, akapigwa picha studioni akiwa na silaha pembeni ya bwana wake, akapelekwa Marekani katika mihadhara, akasomeshwa shule kwa muda Uingereza, na mwaka 1873 Stanley akachapisha kitabu cha hadithi chenye jina lake. Machi 1877 alizama katika maporomoko ya Mto Kongo, akiwa bado kijana mdogo, katika safari nyingine iliyolipiwa na magazeti. Mwangalie pia Kaif Halek, tarishi aliyetumwa na mfuko wa barua za Livingstone kutoka Unguja mwanzoni mwa Novemba 1870. Stanley alimkuta amekwama Unyanyembe na mfuko wake, akamchukua hadi Ujiji, na barua zikamfikia mwenyewe baada ya karibu mwaka mzima. Tarishi aliyetunza mfuko uliofungwa kwa mwaka mmoja katikati ya vita anastahili kuitwa mtu wa habari kuliko wengi. Na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, baada ya bwana wao kufariki Mei 1873, waliubeba mwili wake pamoja na wenzao hadi Unyanyembe, ambako Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike hapohapo. Walikataa, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Huko walilipwa ujira wao, safari yao ikaishia hapo. Mazishi ya Westminster Abbey ya Aprili mwaka ule yalijaza magazeti. Chuma na Susi hawakuwapo. Habari kubwa kuliko zote za njia ile ilibebwa na watu ambao gazeti halikuona sababu ya kuwahoji.

Ushirika wa Herald na Daily Telegraph katika safari ya pili ya Stanley unaonyesha mahali ambapo mtindo huu ulikuwa ukielekea. Tarehe 9 Novemba 1874 Herald lilijaza ukurasa wake habari kwamba wanyama wakali wametoroka katika bustani ya Central Park na wanaua watu mitaani New York. Mwisho kabisa wa makala msomaji aliambiwa kwamba yote hayo yametungwa, lakini wengi hawakufika mwisho na hofu ilitanda. Siku nane baadaye, tarehe 17 Novemba, msafara uliolipiwa na gazeti hilohilo na mwenzake wa London uliondoka Bagamoyo kuelekea bara. Agosti 1875, katika Ziwa Viktoria, Stanley alirudi kwenye kisiwa cha Bumbire kulipiza kisasi kwa ugomvi na wenyeji uliotokea Aprili, akawapanga wapiganaji wake kwenye mitumbwi mbali na pwani, akawapiga risasi makumi ya watu waliosimama ufukweni na mikuki na pinde. Aliyaandika mwenyewe, kwa kirefu, na magazeti yake mawili yakayachapisha mwaka 1876. Uingereza kulikuwa na watu walioona haya: jumuiya za kupinga utumwa na kutetea wenyeji zililaumu, na katika Royal Geographical Society Henry Yule na Henry Hyndman walidai mwenendo huo ukemewe. Tim Jeal amehoji kwamba Stanley alikuwa na tabia ya kuongeza idadi ya waliouawa katika mapigano yake kwa kuwa aliamini wasomaji wanapenda hivyo. Wengine humwona Jeal kuwa mtetezi. Lakini hata tukimkubalia, utetezi huo unauhukumu uandishi wenyewe: umefika mahali ambapo kifo cha mtu wa Bumbire kina thamani ya kuongezwa chumvi, na uhai wake hauna thamani ya kuandikwa.

Pingamizi la tatu ni la wanahistoria. Watasema: bila barua hizo tungejua nini juu ya Mirambo na Tabora ya 1871? Ni kweli kwamba tunazitegemea, nami nimezitegemea hapa. Lakini si kweli kwamba zilikuwa sauti pekee iliyowezekana. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi upande wa Tabora na kuoa katika ukoo wa Fundikira, aliandika maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20. Humo tunauona ulimwengu huohuo kwa macho ya mfanyabiashara: deni, pembe, ndoa za kisiasa, watemi wenye majina na madai yao. Stanley naye yumo, na analalamikiwa si kidogo juu ya ahadi alizotoa. Tippu Tip hakuwa mtu safi, alitajirika kwa pembe na watumwa, na maneno yake nayo yapimwe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi za misafara katika kitabu kilichotoka 1903, kwa utulivu wa mtu anayezijua kazi zenyewe. Mmisionari Ebenezer Southon aliishi Urambo kutoka 1879 hadi kifo chake 1882, na Mirambo aliyemjua ni mtawala anayepanga, anayeuliza, anayetafuta uhusiano na balozi wa Uingereza Unguja. Ukiweka maandishi hayo pembeni ya barua za Herald, unaona kwamba kilichokosekana Kwihara hakikuwa ushahidi. Watu wa kuulizwa walijaa barazani. Walikosa nafasi kwa sababu gazeti lilikuwa limemtuma mwandishi wake kutafuta mtu mmoja.

Mtindo huo ulirudi Ulaya ukiwa umekomaa. Mwaka 1884 W. T. Stead wa Pall Mall Gazette alitumia kurasa zake kushinikiza serikali impeleke Jenerali Gordon Khartoum, na mwaka uliofuata, katika kufichua biashara ya kuuza wasichana London, alipanga ununuzi wa msichana mmoja ili athibitishe, akafungwa jela. Sheria ya kuwalinda wasichana ilipita mwaka huohuo, na msichana aliyetumiwa hakuwa amepewa nafasi ya kukubali wala kukataa. Hapo utaiona Kwihara tena: tukio lililotengenezwa na gazeti, nia njema ndani yake, na mtu dhaifu aliyegeuzwa kifaa. Kutoka kwa Stead hadi kwa wadukuzi wa simu wa News of the World ni safari ndefu, lakini ni njia moja. Nasi tumeirithi. Mageuzi ya miaka ya 1990 yalipofungua milango ya vyombo binafsi, Tanzania ilipata magazeti ya udaku yenye wasomaji wengi, na mwaka 1995 Baraza la Habari likaundwa ili taaluma ijisimamie. Siwalaumu wanaosoma udaku. Watu hupenda kujua ya watu, na mara nyingine gazeti dogo limethubutu kugusa mkubwa ambaye gazeti kubwa lilimwogopa. Lakini mauaji ya vikongwe na ya watu wenye ualbino katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa yalipotangazwa, hapa na ulimwenguni, mara nyingi hofu na uchawi vilipewa nafasi kuliko sheria, umaskini na majina ya waliokufa. Nchi nzima za Unyamwezi na Usukuma zikawa tena jukwaa la kutisha.

Kwa hiyo mwanafunzi wa uandishi wa habari Tanzania hana sababu ya kuisoma historia ya magazeti ya kusisimua kama jambo la wageni. Tabora ilikuwa na uzoefu wa kuandikwa nayo kabla haijawa na gazeti lake, na mitambo ya uchapaji ya misheni ya Kipalapala, nje kidogo ya mji, ilikuja kuchapa Kiswahili miongo mingi baada ya Herald kumaliza kuuza kisa chake. Uzoefu huo unatupa kipimo cha kazi kilicho kikali kuliko swali la kawaida la kama habari ni ya kweli. Aliyelipia tukio atajwe, ili msomaji ajue kama anasoma habari au mradi. Mgogoro uelezwe kwa sababu zake za mahali, si kwa jinsi ulivyomchelewesha mgeni. Na yeyote anayeweza kuumia kwa maneno yetu aulizwe kabla hayajachapwa, kwa kuwa leo hakuna anayeweza kusingizia kwamba tarishi yuko mbali. Stanley angeweza kumfikishia Mkasiwa swali kwa mwendo mfupi na jibu lingebadilisha kile ambacho dunia ilikijua juu ya vita vya Unyanyembe. Mwandishi wa leo anayeandika juu ya Tabora, Urambo au Uyui bila kuuliza wenyeji anarudia kosa la mwaka 1871, akiwa na udhuru mdogo zaidi.